Riwaya za Vijana Chini ya Penseli ya Mtihani

Mwezi uliopita niliutenga kwa vitabu ambavyo wahusika wake wakuu ni vijana, na pembeni nikaweka viwili vitatu vya watu wazima ili nisichoke na ladha moja. Vingi nilivisoma jioni barazani hapa Kibokoni, Mombasa, na vingine kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambako abiria hakosi muda wa kusoma. Kauli ninayoisikia mara kwa mara kwa wazazi na hata kwa baadhi ya walimu ni kwamba Kiswahili kina vitabu vya watoto na kina riwaya za wakubwa, lakini katikati hapo hakuna kitu cha kumpa kijana. Nimeumaliza mwezi nikiwa siikubali kauli hiyo hata kidogo.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama, ananyanyaswa na wale waliopaswa kumlea, kisha anaifunga safari ya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha hadi Kitale. Chukua pia Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambamo Yasmin anaozwa akiwa na umri wa miaka 15 kwa mwanamume anayeweza kuwa babu yake, naye anaamua kuvunja ndoa hiyo na kuyaanza maisha upya Unguja katika siku za mwisho za ukoloni. Mtoto anayetafuta mzazi na msichana anayekataa kupangiwa maisha ni mambo ambayo kijana yeyote wa Majengo au Kisauni atayaelewa bila kufafanuliwa na mtu. Nilipofika pale Yasmin anapopokewa na Mwajuma, nilisahau kabisa kwamba chai yangu inapoa.

Vitabu basi tunavyo, na lawama yangu naielekeza kwenye namna tunavyomkabidhi kijana vitabu hivyo. Nyumbani kwetu kuna nakala ya Kidagaa Kimemwozea, riwaya nyingine ya Walibora, ambayo mpwa wangu aliiacha alipomaliza Kidato cha Nne, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa KCSE kati ya mwaka 2013 na 2017. Jalada limebandikwa selotepu, mgongo umevunjika, na kila ukurasa umejaa penseli: "sadfa", "kinaya", "jazanda", "sifa za Imani", na mshale unaoelekea neno "itakuja", yaani kwenye mtihani. Ndani ya riwaya hiyo mna kijana, Amani, ambaye mswada wake unaibwa na Mwalimu Majisifu, mtu mzima mwenye jina kubwa, kisha unachapishwa kama kazi ya mwizi. Ni kisa cha kumchemsha damu msomaji wa miaka 17. Pambizoni mwa kisa hicho mpwa wangu aliandika "maudhui: ufisadi, alama 4". Nilipomuuliza kama hakuona uchungu, alinijibu bila haya, "Mjomba, mimi kile kitabu nilikisomea kwenye mwongozo."

Simlaumu yeye. Amefundishwa kwamba riwaya ni dagaa wa kuchambuliwa vichwa na kutupwa, wala hakuna aliyemwambia kwamba wanaliwa. Mwongozo, yaani kijitabu cha uchambuzi wa riwaya, ni mwembamba, ni rahisi kuliko kitabu chenyewe, na unampa majibu yanayotakiwa, kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili timamu ataununua.

Lipo tatizo la pili, nalo ni la waandishi. Baadhi ya hadithi mpya nilizosoma, zilizoandikwa mahususi kwa vijana, nilizimaliza kwa shida kwa sababu kila mhusika alikuwa anasubiri adhabu yake. Msichana akitoka usiku atapata mimba, mvulana akionja miraa ataishia jela, na mzee wa busara hukaa mlangoni tayari kutoa mawaidha. Kijana huligundua somo hilo kabla ya ukurasa wa kumi na kukifunga kitabu, nami nakiri ningekuwa na umri wake ningekifunga mapema zaidi.

Tofauti niliiona niliposoma The Outsiders ya Mmarekani S. E. Hinton, aliyeianza angali mwanafunzi wa sekondari mjini Tulsa na kuichapisha mwaka 1967 akiwa na miaka 18. Ponyboy, msimulizi wa miaka 14, hahukumiwi na mwandishi wake, labda kwa kuwa mwandishi alikuwa rika lake. Hinton alizaliwa mwaka 1948, mwaka uleule aliozaliwa Abdulrazak Gurnah kule Zanzibar, ambaye riwaya yake ya mwaka 1994 niliisoma kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf wa Gurnah ana miaka 12 anapotolewa rehani na baba yake kwa ajili ya deni. Kitabu hicho ni kizito na hakimfai kila kijana, lakini atakayekiweza hatakisahau.

Hata hivyo, kitabu kilichonishika kuliko vyote mwezi huu ni cha mashairi, na ni cha hapahapa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 22 tu alipokamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa kuandika waraka wa Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga akiwa gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973. Tumezoea kumwita mzee Abdilatif, kwa heshima anayostahili, hata tunasahau kwamba diwani hiyo ni kazi ya kijana aliyeikasirikia serikali yake na asiyekubali kuyafuta maneno yake. Ukilisoma "Mnazi" kwa sauti, ndugu wawili wakiugombania mti kwa Kimvita kitupu, lahaja ya Mombasa, utadhani umesimama uani kwa watu ukisikiliza ugomvi. Kwa nini basi tunawapa vijana mashairi hayo, tunapowapa, kama mazoezi ya kuhesabu mizani na vina?

Ningependa shule zitenge kipindi kimoja kwa wiki ambacho mwanafunzi atasoma anachokitaka bila kuulizwa swali lolote, na mwalimu naye asome chake mbele yao. Wachapishaji nao wanaweza kuzitoa riwaya hizi katika nakala nyembamba, za bei nafuu, zisizo na maswali ya marudio nyuma.