Nimeipiga Tisa, Bosi!

Amri ya `uptime` kwenye seva yetu ya Linux ilikuwa inasoma wastani wa mzigo (idadi ya kazi zinazokimbia au kungoja) 58.20, na `nproc` inasema seva ina prosesa 4 tu. Kijana wa zamu alishahukumu kwamba tumevamiwa. Bosi alikuwa anasubiri ripoti iliyoanza kuchakatwa usiku, kwa hiyo alisimama nyuma ya kiti akitoa agizo moja: "Iue!" Iuliwe ipi, hakusema.

Nilimkuta kijana yuko vitani na mazombi. `top`, inayoonyesha michakato (programu zinazoendeshwa) papo hapo, ilimhesabia matatu, naye akayaandama kwa `kill -9`, yaani ishara namba 9 ya kuua kwa nguvu. Zombi haliuliki kwa sababu limeshakufa. Kilichobaki ni mstari kwenye orodha ya michakato, unaomngoja mzazi (mchakato uliolizaa) aje achukue taarifa ya kifo. Halili prosesa wala kumbukumbu. Anayelikera aende kwa mzazi: `ps -o ppid= -p 4127` (4127 ni namba ya zombi) itamtaja, na mzazi akifa, kwa kawaida mchakato namba 1 huchukua yatima na kuwazika.

Akaacha mazombi, akahamia kwa rsync, programu ya kunakili faili. Anaandika `ps aux | grep rsync`, anachagua namba ya mwisho, anaipiga, anajibiwa kwamba mchakato huo haupo. Anarudia, namba imebadilika. "Kaka, huyu mdudu anahama!" Mdudu alikuwa grep yenyewe, amri ya kutafuta maneno, ambayo hujikuta kwenye orodha kila ikiitwa, kisha ikaondoka zake kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Ukiandika `grep '[r]sync'` inakoma kujiona, au tumia `pgrep -af rsync` uachane na vioja.

Nikaomba kiti. Kwenye `top`, us (asilimia ya muda wa prosesa kufanyia programu kazi) ilikuwa 1.3 na wa (asilimia ya kungoja diski) ilikuwa 74. Hapo hoja ya uvamizi imeshaisha: prosesa hazina kazi, zinangoja diski. Kwenye Linux wastani wa mzigo hauhesabu wanaokimbia peke yao (hali R), unajumlisha na waliolala usingizi usiokatizwa (hali D). Ndiyo maana mzigo unaweza kufika 58 na feni haijapandisha hata sauti. Amri niliyoitaka, ya kuonyesha walio hali D tu, ni hii:

`ps -eo pid,stat,wchan:25,etime,cmd | awk '$2 ~ /^D/'`

Ikamwaga rsync moja baada ya nyingine, kila moja imepitwa na mwenzake kwa dakika moja kamili kwenye safu ya etime (muda tangu ianze). Cron, mtunza ratiba wa seva, ilikuwa inaita nakala rudufu kwenda diski ya nje ya USB kila dakika, bila kuuliza kama ile ya kwanza imemaliza. Dawa yake ni neno moja mbele ya amri, `flock -n /run/lock/nakala.lock`, linalozuia ya pili kuanza kabla ya kwanza kumaliza, na aliyeandika ratiba ile hakuliweka. Katikati ya msururu, namba 3301: ripoti ya bosi, nayo D, inasoma rekodi za zamani kutoka diski ileile.

Kijana akataka kusaidia. Akafungua dirisha jipya akaandika `sync`. Likaganda. Akafungua la pili, `sync`. La tatu, `sync`. Mzigo ukapanda kwa tatu, maana `sync`, inayolazimisha data iandikwe diskini, nayo hungoja diski, na ikingoja inakuwa D kama wenzake. Ctrl+C ya kusitisha amri anaibonyeza mpaka meza inatikisika.

`dmesg -T`, inayosoma ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), ndiyo iliyosema ukweli: kifaa cha USB kinaanzishwa upya, kinaanzishwa upya, na kati yake malalamiko ya michakato iliyokwama zaidi ya sekunde 120. Waya ulikuwa umelegea nyuma ya boksi.

"Hii 3301 nayo umeipiga?"

"Zote kaka, tisa tisa. Hiyo nimeipiga kama mara kumi. Usiwe na wasiwasi, haifi."

Nikafungua `/proc/3301/status`. Mstari wa ShdPnd (ishara zinazongoja): `0000000000000100`. Hiyo 100, kwa heksadesimali, ni ishara ya 9 iliyofikishwa mlangoni, inangoja mwenyewe aamke. Kwa kawaida mchakato ulio katika usingizi huo haushughulikii ishara mpaka diski ijibu, lakini ishara haipotei, na ukituma kumi inaandikwa moja. Pia hakuna amri ya kuifuta. SIGKILL, ndiyo hiyo ishara ya 9, ikishaingia, imeingia.

Basi nikausukuma waya mpaka mwisho, bila kuuchomoa kwanza, kwa sababu ukiuchomoa kerneli huwarudishia wote hitilafu ya kusoma au kuandika, na hata ambao hawakupigwa wangeanguka. Diski ikaitika. Ndani ya sekunde moja michakato yote iliyopigwa ikaamka, ikakuta barua, ikafa kwa pamoja. Zile `sync` tatu, ambazo hakuna aliyezipiga tisa, zikamaliza kuandika, kisha nazo zikakuta barua ya Ctrl+C zikaondoka. Mzigo ukaanza kushuka taratibu, bosi akapiga makofi.

"Safi sana! Sasa nipeni ripoti yangu."

Kijana akaniangalia, nikaangalia kibodi.

"Imekufa, bosi."

"Imekufa? Nani kaiua?"

"Mimi, bosi. Tangu saa tatu asubuhi. Ila ndiyo kwanza imepata taarifa."