Kilichodondoka na Kilichofichwa

Nimeishi Marekani, katika jimbo la Ohio, kwa miaka 11 sasa, na katika mambo yote niliyojifunza huku, ambalo ndugu zangu wa Tanzania hulicheka zaidi ni hili la kwenda kila Jumamosi kwenye nyua za watu kutafuta sarafu za zamani kwa mashine ya kutambua metali. Wengine, baada ya kucheka, wameniomba niwaletee mashine hiyo, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu huiita ditekta. Jibu langu limekuwa hapana, na sababu yake haihusu bei wala ushuru wa forodha.

Mwenzangu katika shughuli hii ni mzee aliyestaafu kazi ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba, ambaye anaijua mitaa ile kwa miguu yake: nyumba ipi ilijengwa zamani, ipi ina mbwa mkali, ipi mwenyewe hapendi kuamshwa mapema. Yeye ndiye anayebisha hodi. Hujitambulisha, hueleza tunachotafuta, huahidi kwamba kila tutakachokipata kitaonyeshwa, na mara nyingi mwenye nyumba hukubali papo hapo. Miezi ya kwanza nilikuwa nikisimama nyuma yake kwa hofu, kwani sikuamini kwamba mgeni anaweza kuomba kuchimba uani kwa watu akaruhusiwa bila kuulizwa yeye ni wa nani na ametumwa na nani. (Nakiri kwamba kama ningebisha hodi peke yangu, mimi mtu mweusi mwenye sepeto mkononi, huenda jibu lingekuwa jingine, hilo sijalijaribu wala sina haja ya kulijaribu.)

Kazi yenyewe ni ya subira. Koili ya mashine, yaani waya uliozungushwa kwenye duara lake la chini, hutoa uga wa sumaku, metali iliyo ardhini huuitikia, na kioo kidogo huonyesha namba kulingana na namna metali hiyo inavyopitisha umeme. Metali ya fedha hupanda namba za juu na kutoa mlio mwembamba, ilhali msumari hukoroma. Tatizo ni vile vishikio vya kufungulia makopo ya soda, ambavyo namba zake hukaribiana na za dhahabu, kwa hiyo asiyekubali kuchimba takataka asitarajie kuona pete. Sarafu nyingi hulala kwa kina kisichozidi shubiri moja. Tunakata nyasi pande tatu, tunazifunua kama kifuniko cha sanduku, tunaweka udongo juu ya kitambaa, kisha tunarudisha kila kitu mahali pake, na mzee huyu hukanyaga mahali hapo kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyopachimba.

Tunachokipata zaidi ni senti za shaba zenye masuke mawili ya ngano mgongoni, zilizotengenezwa kati ya 1909 na 1958, zikiwa zimegeuka kijani au hudhurungi. Senti za baada ya 1982 kwa sehemu kubwa ni zinki iliyopakwa shaba, na ardhini huoza kama jino. Furaha hasa ni sarafu ya senti 10 ya 1964 au ya kabla ya hapo, kwa kuwa ina fedha asilimia 90 na hutoka udongoni ikiwa nyeupe kana kwamba imedondoka jana.

Neno hilo, kudondoka, ndilo lililonifungua macho. Sarafu hizi hazikuzikwa na mtu. Zilimponyoka mtoto aliyekuwa akicheza, au mwanamke aliyekuwa akianika nguo, nyasi zikazimeza kabla mwenyewe hajageuka kuzitafuta. Kwetu ua haumezi kitu. Ua wa mama yangu ni udongo mtupu, unafagiliwa kila alfajiri, na shilingi iliyodondoka jioni huokotwa na mwenye ufagio kabla chai haijachemka. Ndiyo maana nadhani mashine yangu ingepita uani kwake mchana kutwa bila kulia, isipokuwa kwa vizibo vya chupa na misumari ya mabati.

Sarafu zilizo ardhini kwetu zimo kwa sababu nyingine: zilifichwa. Benki ilikuwa chungu, na chungu kilifukiwa mahali ambapo mtu mmoja tu alipajua. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilipatikana kwa pamoja sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha. Hakuna anayedondosha mali kiasi hicho. Kitu kilichofichwa kina mwenyewe na kina warithi, na anayekichimba anaingia katika maneno ya ukoo hata kama hakukusudia.

Ndugu zangu wanaposema tuitumie mashine hiyo, wanafikiria mali za Wajerumani. Kila mahali palipo na boma la zamani pana hadithi ya masanduku yaliyofukiwa wakati wa vita, na pana mashimo. Nimeona msingi wa jengo la zamani uliotobolewa na watu waliokuwa wakitafuta rupia, sarafu za enzi hizo za Wajerumani, na nimesikia habari za matapeli wanaouza rupia moja ya kawaida kwa madai kwamba ina nguvu za kuvuta utajiri. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote. Mzee mwenzangu akipata senti ya mwaka 1919 huuliza ni nani alikuwa akikaa katika nyumba hiyo, na mwenye nyumba huleta picha za babu yake. Sisi tukipata heller ya shaba, sarafu ndogo ya Wajerumani hao, tunauliza itauzwa wapi.

Sheria nazo hazifanani. Huku, katika ua wa mtu binafsi, ruhusa ya mwenye ardhi ndiyo msingi, ingawa ardhi ya serikali kuu ina sheria yake kali ya mwaka 1979. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Mimi naiunga mkono. Sarafu 5 za Kilwa zilizookotwa na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, hadi leo zinabishaniwa zilifikaje huko, kwa kuwa zilishatolewa mchangani zamani kabla mtaalamu yeyote hajapaona mahali zilipokuwa zimelala. Sarafu iliyong'olewa usiku kwa tochi na kuuzwa asubuhi haitaachia watu hata ubishi huo.

Mwaka ujao mzee huyu anakusudia kufuatana nami hadi Tanzania, na tayari ameuliza kama mashine yake itatoshea katika sanduku la nguo. Nimemwambia aiache Ohio, na kwamba kesho yake alfajiri mama atampa ufagio.