Kazi iko kwenye kuandaa singa

Nimefurahi kusoma kuwa vijana wa Tanga wanataka kutengeneza mabodi ya dari kwa singa (nyuzi) za mkonge na resini, ile gundi ya kemikali inayoganda ikawa ngumu. Ila habari imeruka kazi yenyewe: kuandaa singa. Singa hunywa unyevu hata wa hewani, na resini haishikani na maji. Zilowekwe kwenye kostiki soda (ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni) iliyozimuliwa sana kwa maji, ili nta na uchafu vitoke, zisuuzwe mpaka utelezi uishe, kisha zikaushwe kabisa, ikiwezekana kwenye oveni, maana hewa ya pwani ni mbichi. Bila hivyo resini haitazishika, na bodi likivunjika utakuta singa zimechomoka nzima na kuacha vitundu. Na jamani, mvuke wa resini ya poliesta ni mkali! Vijana wanunuliwe glavu na barakoa za kuchuja mvuke kabla ya pipa la kwanza kufunguliwa.