Maumivu ya kiuno: ukimnyima mgonjwa eksirei, mpe nini?

Mgonjwa wa kiuno akifika kwa daktari wa ngazi ya kwanza, mvutano huanzia kwenye picha. Yeye anaitaka, miongozo, ukiwemo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, inakataza kuiagiza kama mazoea.

Miongozo ina hoja nzito. Kati ya wagonjwa kumi, takriban tisa hawana kasoro unayoweza kuinyooshea kidole. Tena picha huona mengi mno: mapitio ya 2015 ya watu wasio na maumivu yoyote yalikuta diski (mito iliyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mtu akishasomewa "diski imechakaa" huogopa kuinama, hushinda kitandani, misuli inalegea, na maumivu yanapata makazi.

Hata hivyo, daktari anayeandika eksirei si mvivu. Anahofia saratani, maambukizi, pingili iliyovunjika. Hofu ni halali, ila kifaa sicho: eksirei haionyeshi mishipa ya fahamu, na saratani au maambukizi yanayoanza yanaweza kuipita bila kuonekana. Picha safi humtuliza daktari kuliko inavyomlinda mgonjwa.

Udhaifu wa miongozo uko kwingine. Inaondoa picha na kuacha pengo. Mgonjwa anaondoka akiamini amedharauliwa. Pengo hilo huzibwa kwa mikono. Mlaze chali, mnyanyulie mguu ulionyooka: maumivu yakiteremka chini ya goti, shuku kuwa mzizi wa neva, pale mshipa wa fahamu unapotokea mgongoni, umeguswa. Atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Gonga goti na kano ya kisigino, linganisha pande mbili. Uliza kuhusu mkojo, haja kubwa na ganzi sehemu anazokalia, bila haya. Hapo jibu baya ni rufaa siku hiyohiyo. Aliyewahi kuugua saratani apewe uzito wa pekee, kuliko umri peke yake.

Dawa ni suala fupi. Ibuprofeni, dozi ndogo, siku chache, kama tumbo na figo vinaruhusu. Parasetamoli peke yake haikuharakisha kupona katika jaribio la Australia la 2014, na dawa kali za jamii ya afyuni (opioidi) hazikufua dafu katika jingine la 2023.

Kinachosahaulika zaidi ni tarehe ya kurudi. "Rudi ikizidi" si mpango. Mwandikie dalili za kumrudisha mara moja, mwambie aendelee kutembea, na mpangie siku ndani ya wiki mbili. Ikifika wiki ya sita bila nafuu, mpime upya tangu mwanzo. Sasa kuuliza kama picha inahitajika kuna maana.