Nyuzi Tisini

Mwaka wa tisa huu nafundisha hesabu shule ya msingi, hapa Njombe. Kila mwaka nachora mraba ubaoni na kuwaimbisha watoto: pande nne sawa, pembe nne, kila pembe nyuzi 90. Kwa hiyo mke wangu aliponunua nyuzi za sweta za rangi nne ili amfumie blanketi mtoto aliyekuwa bado tumboni, nami nikamwona anafumua kwa mara ya tatu huku anasonya, nikafungua mdomo wangu.

"Lakini hiyo si ni miraba tu? Hiyo ni hesabu."

Akanitazama. Halafu akaniwekea mapajani sindano ya kroshia na furushi zima la nyuzi. "Haya, mwalimu."

Nilianza kazi ya mikono kama msomi, yaani kwa kalamu. Blanketi la sentimita 80 kwa 80. Mraba mmoja, ukiuzungusha mara tano, unafika kama sentimita 10. Basi miraba 64. Mzunguko wa kwanza una vifungu vinne vya nguzo tatu tatu, wa pili vinane, wa tatu 12, wa nne 16, wa tano 20. (Nguzo ni jina langu mwenyewe. Ni ule mshono mrefu: unazungusha uzi kwenye sindano, unaingia tunduni, unavuta, kisha unapitisha vitanzi viwili, na viwili tena.) Jumla nguzo 180 kwa mraba, mara 64, nguzo 11,520. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Pangani kusubiri uzazi, zimebaki siku 21. Nguzo 550 kwa siku hazifiki. Jioni ile nilimwambia mke wangu kazi imekwisha, bado kufuma tu.

Maelekezo yenyewe hayana ugumu. Unafuma mnyororo wa vitanzi vinne, unauunga uwe pete. Ndani ya pete unaweka nguzo tatu, vitanzi viwili vya kona, nguzo tatu, vitanzi viwili, hivyo hivyo mpaka urudi ulikoanzia. Tatizo la kwanza lilikuwa mkono. Nilikuwa nakaza uzi kama nafunga gunia la viazi kwenye baiskeli, sindano haipati hata pa kupita. Siku mbili nzima nilikuwa nafunga mafundo.

Siku ya tatu mkono ukalegea, mraba ukaanza kuonekana. Ila mzunguko wa pili ulikuwa umenyanyuka kidogo kingoni. Nikasema utalala wenyewe. Wa tatu ukanyanyuka zaidi. Nilipomaliza wa tano nikauweka mezani, ukasimama. Nikaugandamiza chini ya madaftari 45 ya darasa la tano usiku kucha, na asubuhi nilipoyaondoa ukainuka taratibu, kama chapati inayofura kikaangoni.

Nikahisi nimebana mno mahali fulani, kwa hiyo uliofuata niliongeza kidogo. Huo ulikataa kulala kwa namna nyingine: ulijaa mawimbi pande zote kama sketi ya kwaya. Basi nikaendelea hivyo, mmoja unasimama, mmoja unacheza, nikiamini vikiunganishwa vitasuluhishana.

Katikati ya mambo hayo mzazi mmoja alipiga hodi kuuliza maendeleo ya mwanawe. Sikutaka habari zifike shuleni, nikaikalia sindano. Tuliongea dakika 20. Sijawahi kukaa wima vile.

Mama mkwe akafika, amechoka na basi, tukamlaki na ugali wa moto. Mezani nikaona mke wangu amefunika ugali kwa ule mraba wangu wa kwanza, uliosimama. Sikuweza kuuondoa mbele ya mgeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Macho yalikuwa mezani. "Kumbe hata huku bara mna makawa! Hili si la ukili, lakini limekaa vizuri. Nani kalifuma?"

Nikanyamaza. Mke wangu naye akajitahidi, lakini hakudumu.

"Hilo ni blanketi, mama."

Alicheka mpaka nikaanza kutafuta namba ya bodaboda, nikidhani uchungu umeanza.

Baada ya kula mama mkwe akaagiza niletewe furushi. Nilikuwa na miraba kumi na moja. Akaipanga mkekani, akavaa miwani, akapitisha kidole.

"Moja, mbili, tatu. Huu una pembe tatu, mwanangu." Akachukua wa mawimbi. "Huu tano." Akavua miwani. "Hivi shuleni unafundisha nini vile?"

"Hesabu, mama."

Alinionyesha. Kwenye pete ya kwanza nilikuwa naunga mwisho na mwanzo bila kuweka vitanzi viwili vya kona ya nne. Kwenye ile mingine, vile vitanzi vitatu vya kuanzia, ambavyo husimama badala ya nguzo ya kwanza, nilivichukulia kuwa mkia tu, hivyo kifungu cha kwanza sikukihesabu, nikafuma vinne vingine juu yake. Sasa kila kona inabeba robo ya duara. Kona tatu ni nyuzi 270. Kitambaa kikikosa 90 hakina namna, lazima kisimame kuwa kawa. Kona tano ni 450, na zile 90 za ziada zitapata wapi pa kulala? Haya nayajua. Nayatungia mitihani. Furushi lilikuwa na nyuzi tele, na bado kwenye mraba zilipungua 90.

Alifumua karibu yote, akaanza upya, akifuma bila kutazama mikono huku akisimulia habari za Pangani. Wiki mbili blanketi likaisha. Mimi nilipewa kazi ya kuficha mikia: rangi ikibadilika kila mzunguko, kila mraba unabaki na mikia kumi, jumla 640, ambayo kwenye hesabu zangu haikuwemo kabisa.

Kawa alikataa lisifumuliwe. Mtoto alipotimiza siku 40 akaondoka nalo. Wiki iliyopita kapiga simu: majirani wamelipenda, wanataka sita, wanauliza bei.

Nimekaa chini nikafuma la pili, kwa makusudi, nikijihimiza kona tatu, kona tatu. Limetoka mraba. Tambarare kama ubao.