Matete ya hoteli na kisima cha kijiji

Mtajie mwenye hoteli wa Paje au Nungwi, huko Unguja, kitalu cha matete cha kusafishia majitaka, atakutajia mbu, kisha uvundo. Anadhani maji yatatuama wazi. Sivyo. Yakitoka kwenye karo hupita chini ya kokoto, katikati ya mizizi, ambamo bakteria huula uchafu. Juu pabaki pakavu, mbu hana pa kutagia. Viwanda vya mvinyo vya California na Afrika Kusini husafisha hivyo maji yenye uchafu mzito kuliko wa hoteli, ingawa yao hayana vinyesi.

Mimi hunikaa kichwani utafiti wa Stefan Gössling, mtafiti wa utalii, wa 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja. Mgeni wa hoteli alitumia wastani wa lita 931 kwa siku, na 465 kati yake zilimwagiliwa bustani. Nusu nzima! Hayo ni maji ya mvua yaliyozama kwenye jiwe la matumbawe, yakaelea humo chini juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kupita kiasi chumvi hupanda, na wa kwanza kuionja ni mama wa kijijini aliyetumbukiza ndoo kisimani. Ukoka na mawaridi vingetosheka na maji yaliyokwisha kuogewa, yakasafishwa kitaluni.

Wanaopendelea mitambo ya kusafishia majitaka wana hoja ya nafasi, kwani kitalu huchukua eneo kubwa na kiwanja cha ufukweni ni ghali. Lakini matete nayo ni bustani, na hayahitaji umeme wa kupulizia hewa majini kama mitambo. Aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo wanaoogopa najisi, nao wasikilizwe. Wanazuoni wakubwa wa Saudi Arabia walitoa fatwa mwaka 1978 kwamba majitaka yakisafishwa barabara hutwaharika. Hapa hatuombi hata yatumike kwa udhu. Maji yapite kwenye mipira yenye vitundu, yadondoke matone matone chini ya udongo, mbali na mchicha.

Hofu yangu iko kwingine. Matete hayaondoi chumvi, na yakinyonya maji juani chumvi inayobaki huzidi kukolea. Jiwe la matumbawe nalo lina mianya: kitalu kisichotandikwa plastiki nzito kitarudisha kinyesi kisimani. Kwa hiyo kabla ya jembe, kisima kipimwe. Kikiwa na chumvi, mawaridi yaachwe, ipandwe minazi.