Daktari, niulize nimelalaje

Nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, baada ya kurasa za kiuno, hipsi na urefu wa mikono, kuna kurasa mbili zangu mwenyewe. Kushoto naandika masaa niliyolala, kulia maumivu ya mgongo, sifuri hadi kumi. Nimeshona miaka 14 na kiuno changu kimeshapigwa picha, kimekandwa, kimepakwa kila aina ya dawa ya kuchua. Nimeulizwa inauma wapi, inauma tangu lini, nimebeba nini kizito. Nalalaje, hakuna aliyeniuliza.

Nilikuwa naamini mchana ndio unaoharibu usiku. Nikishinda na sare za shule hadi jioni, basi nitagaragara kitandani. Kweli hutokea. Ila wiki sita za daftari zilinionyesha jambo jingine: nikilala masaa manne ya kushtukashtuka, kesho yake namba inapanda hadi saba, hata siku ambayo sikugusa cherehani. Baadaye nikasoma kwamba watafiti nao wameliona hilo. Maumivu huvuruga usingizi, na usingizi mbovu huchochea maumivu, lakini huu mkono wa pili ndio wenye nguvu zaidi. Kule Norway walifuatilia wanawake zaidi ya 12,000 kwa muda wa miaka kumi hivi. Wale waliokuwa wakilala kwa shida tangu mwanzo ndio waliopata zaidi fibromialjia, yale maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye picha.

Utafiti ulionichekesha, kwa uchungu, ni wa Harvey Moldofsky na wenzake wa Toronto, mwaka 1975. Walichukua vijana wazima wa chuo, wakawapigia kelele kila walipozama kwenye usingizi mzito, wakiuvuruga bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache vijana wakaanza kulalamika misuli inauma na wamechoka. Mimi ninakoishi, Temeke, kazi hiyo inafanywa bure na baa iliyo nyuma ya ukuta wetu. Spika zinazimwa saa tisa usiku, saa kumi na moja naamka. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Huu wa mgongo unakawia, na ukicha umekuachia deni.

Sisemi maumivu ni ya kichwani tu. Mgongo wangu una kasoro zake na kiti changu cha mbao nakijua. Ila ubongo usiolala huyapokea vibaya maumivu yale yale: sehemu inayoyahisi huchachamaa, zile za kuyatuliza hulegea.

Ndiyo maana nakasirika nikimwona mtu anatoka duka la dawa na vidonge vya wiki nzima huku godoro lake limebonyea katikati kama mtumbwi. Na wengine sasa wananunua vidonge vya usingizi kienyeji, jambo linalonitisha zaidi. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishasema mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya kurekebisha mazoea na fikra zake kuhusu kulala, vidonge vije baadaye. Huku kwetu sijui ni wangapi wameisikia. Mimi nimeokoteza vipande: naamka saa ile ile hata Jumapili, nimeacha kulala mchana, na kanga kuukuu iliyokunjwa naibana katikati ya magoti nikilala ubavu. Baa sijaiweza. Mjumbe naye nimemwona mara mbili, anakunywa hapo hapo.

Anayeniuliza kila siku ni jirani muuza vitumbua. "Umelalaje, fundi?" Miaka yote nilimjibu salama, kama sote tunavyojibu. Juzi nikamwambia kweli: "Masaa matano, mgongo nne." Akanitazama, kijiko kikiwa hewani.

"Haya. Na vitumbua vingapi?"